Siku Doña Frasia Alipogoma Kusali

Doña Frasia ndiye anayetusalia wafu wetu hapa Loma Clara. Mtu akifariki, yeye huvaa gauni lake jeupe, huwasha mishumaa na kuongoza sala kwa siku tisa. Kahawa yake ni tamu kiasi kwamba hata wasiomjua marehemu hufika na huzuni ya kutosha.

Siku Sarante alipopigwa risasi, mimi sikulia. Alikuwa mtangazaji wa redio mwenye mdomo mchafu, na hakuna aliyesalimika naye: padri, meya, hata shemeji yangu. Alipigwa akitoka studio, akakimbizwa hospitali ya mjini, na kabla ya adhuhuri sisi tulikuwa tumeshamzika kwa maneno. Tukajazana uani kwa mama yake, Mamá Chea, wanaompenda mwanawe na wanaomchukia.

"Ni meya huyo," alisema Liborio kinyozi. "Jana tu Sarante alimtukana redioni."

"Meya gani? Atakuwa mume wa mtu," alisema Quico muuza nyama, ambaye Sarante alimtangaza redioni kuwa anauza nyama ya punda.

"Au wewe na punda wako."

"Ningekuwa mimi, hospitali asingefika."

"Kajipiga mwenyewe apate wasikilizaji," mwingine akadakia.

Tukacheka, Mungu atusamehe, na mama wa mtu ameketi pale pale, simu mapajani. Hospitali ilikuwa haijampigia.

Doña Frasia akaingia na mkoba wake. Liborio akamwambia aanze, watu wanangoja.

"Simsalii mtu ambaye sijaiona maiti yake."

"Doña, redio imesema amekufa."

"Redio hiyo hiyo ilisema Quico anauza punda. Ni kweli?"

Quico akasema redio ni ya waongo, tungoje. Doña Frasia akaburuta gunia la mbaazi kutoka jikoni, akatumwagia mbele yetu. "Menyeni. Atakayetaja nani kapiga risasi, namwongezea beseni."

Tukamenya. Liborio, maskini, alimenya mabeseni na mabeseni.

Jua lilipoanza kupoa, simu ikalia. Mamá Chea akasikiliza huku ameishika kwa mikono miwili.

"Yu hai," akasema. "Katoka kupasuliwa, na anauliza nani kakalia kiti chake."

Quico akainuka upesi kwenye kiti cha bembea, uso umemwiva. Nilifurahi, na nikajishangaa kwamba nimefurahi. Mbaazi zikapikwa pamoja na wali wa nazi, tukala sote. Quico alirudia sahani.

Baadaye nilikuwa jikoni nikimsaidia Doña Frasia kuosha masufuria. Mamá Chea akaja, akamkumbatia kwa nguvu.

"Wewe peke yako uliamini mwanangu hajafa."

"Kapumzike, shoga," Doña Frasia akamwambia, akimpapasa mgongo.

Alipotoka, nilifungua mkoba wa Doña Frasia nitafute kitambaa cha kufutia vyombo. Ndani kulikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi, na mishumaa mipya chini yake.

"Funga hapo," Doña Frasia akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilijua kafa kama ninavyolijua jina langu. Lakini mama yake alikuwa bado anaingoja simu."