Glavu za Mama

Mimi si mtu wa kusamehe haraka. Mama yangu naye si mtu wa kusamehe haraka, na hilo ndilo nililorithi kwake badala ya shamba.

Miaka tisa iliyopita nilihamia kwa mwanamume wa Kanja, huku Embu, kabla wazee hawajaketi kupanga mahari. Mama, ambaye kule Muthara hukaa benchi la mbele kanisani, aliambiwa habari hizo na watu wa sokoni. Baadaye mahari ilipelekwa na mbuzi wakachinjwa, lakini yeye alijifungia jikoni siku nzima akisema anaangalia sufuria. Tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana kwenye mazishi. Hana simu. Akitaka kumwambia mtu jambo, hupitia simu ya dada yangu mkubwa, anayeishi naye tangu ndoa yake ivunjike. Kwangu hakuwa na jambo la kusema.

Basi dada akanipigia siku moja kuniambia kwamba mikono ya mama inamsumbua. Asubuhi kukiwa na baridi, vidole vinakataa kukamua ng'ombe. Nikawaza nimfumie glavu zisizo na vidole, kiganja kipate joto na vidole vibaki huru kufanya kazi. Kwenye simu nilikuwa nimeona mtindo unaoitwa brioshi, wa rangi mbili, mnene na laini. Nikasema mama yangu hatavaa kitu cha haraka haraka.

Brioshi ni adhabu. Kila mstari unaufuma mara mbili. Unapita kwanza na uzi mmoja, kisha huigeuzi kazi. Unavisukuma vitanzi vyote hadi ncha nyingine ya sindano na kuanza upya na uzi wa pili. Sindano za dukani zina kichwa upande mmoja, kwa hivyo hazifai. Nilienda kwa fundi wa baiskeli Embu mjini, karibu na ofisi ninayofanyia ukarani, nikanunua spoku na kuzinoa ncha zote mbili kwenye jiwe. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kunoa spoku nikiwa darasa la nne.

Nilifuma miezi miwili, saa za chakula cha mchana, wenzangu wakinicheka kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Nje niliweka uzi wa rangi ya damu ya mzee, ndani rangi ya maziwa. Karibu na gumba la mkono wa kulia niliponyokwa na kitanzi kimoja, mkubwa wangu aliponiita ghafla, na mstari ule ukaenda upande. Sikuufumua. Nilijiambia mama atauona, atanicheka, na akinicheka tutakuwa tumeanza kuongea.

Dada huja Embu kila mwezi kununua mitumba ya kuuza. Nikampa glavu ndani ya kiondo, juu ya nduma na majani ya chai.

"Mwambie nimezishona mimi," nikasema. "Mwambie naomba msamaha."

"Nitamwambia hivyo hivyo, usijali."

Kwetu kiondo hakirudishwi kitupu. Ukiletewa kitu, unakirudisha chombo cha mwenyewe na chochote, hata kama ni konzi ya mahindi. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mtu asikanyage kwako tena. Kwa hivyo nilikingoja kile kiondo kuliko nilivyongoja jibu.

Kilirudi na maharagwe, yamejaa nusu.

"Mama anasema Mungu akubariki," dada akaniambia. "Anasema hayo mambo yaliisha. Glavu hata analala nazo!"

Nililia pale getini kwa ofisi, mlinzi akidhani nimefiwa. Maharagwe yale tuliyapika, ila kikombe kimoja nilikihifadhi kwenye mkebe. Na kila mwezi dada alikuja na neno jipya. Mama anasema uvae nguo nzito. Mama anauliza watoto wanasoma aje. Niliyameza yote.

Desemba nikapanga kwenda mwenyewe. Nilikibeba kile kile kiondo, nimekijaza chai na sukari. Nilimkuta mama uani asubuhi akipukuchua mahindi, mikono mitupu. Nikadhani glavu anaziwekea Jumapili.

"Asante kwa maharagwe, mama," nikasema baada ya salamu.

"Maharagwe gani?"

"Yale ulinirudishia kwa kiondo."

Akaniangalia. "Kiondo gani?"

Hapo dada akatokea zizini na ndoo ya maziwa. Alikuwa amezivaa. Zimechakaa viganjani, na ule mstari wangu uliopinda uko pale pale karibu na gumba.

"Hizo ulishonea dada yako ni nzuri," mama akasema, macho kwenye mahindi. "Nilimwambia, angalau wewe anakukumbuka."

Kumbe miezi yote hiyo mama alikuwa akiziona glavu zangu kila asubuhi na kuhesabu kwamba nimemruka. Nikamgeukia dada, na sitaandika hapa nilichomwita.

"Nilitaka kuzivaa siku moja tu," akasema. "Baridi ya hiyo zizi unaijua wewe? Mimi ndio nakamua siku hizi. Mimi ndio namwogesha. Ni nani amewahi kunishonea kitu?"

"Na maharagwe?"

"Nilinunua. Ungelia."

Glavu ningefuma nyingine. Uzi haujaisha duniani. Kilichonichoma ni yale maneno. Nilikuwa nimeyarudia jikoni kwangu nikiosha vyombo, nimewaambia watoto wangu kwamba nyanya yao anawauliza, na yote yalitungwa na mtu anayechagua mitumba. Nilisamehewa na dada yangu kwa niaba ya mtu ambaye hakuwa na habari. Hadi leo nikikumbuka nashikwa na hasira upya, na sioni aibu kusema hivyo.

Mama alikuwa amesikia kila kitu. Akanyoosha mkono. Dada akavua glavu moja na kumpa.

Brioshi hunyumbulika sana. Lakini vitanzi vya kuanzia, vya pale ukingoni, nilikuwa nimevikaza ili zisifumuke upesi. Mama akaingiza vidole, akavuta. Ukingo ulifika kwenye vifundo ukakataa. Vilikuwa vimevimba, vimepinda, na mimi nilikuwa nimemsalimia kwa mkono huo huo kwenye mazishi manne bila kuutazama. Nilifuma kwa kipimo cha kichwani.

Alijaribu tena, polepole, kisha akaiangalia upande ule wa gumba, na mstari uliopinda. Hakucheka.

"Mikono yangu ilikuwa hivi ulipoondoka," akasema.

Akamrudishia dada. "Vaa, umalize kukamua."

Nilipoondoka jioni hiyo nilikiacha kiondo jikoni kwake, na nikamwambia dada asithubutu kukigusa wala kuniletea, mama akitaka kukirudisha atakileta mwenyewe. Ni Julai sasa. Dada bado huja Embu kila mwezi, na huja mikono mitupu, kama nilivyomwambia.