Ngumi za Namba Kumi na Moja

Jumamosi Wachonga Mawe, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Corliss, waliwafunga vinara wa ligi kwa pointi ishirini na mbili. Jumatano wakaenda kupigwa na timu ya mkiani, timu ambayo ilikuwa haijaonja ushindi tangu kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, katika mgahawa wa Jolene, hakuna aliyejali theluji iliyofika magotini.

"Hii si timu, hii ni hali ya hewa," alisema Dwight Amstutz, ambaye enzi zake aliwauzia bima nusu ya watu wa mji ule na bado alizungumza kama mtu anayetaka utie sahihi. "Ukibeba koti, jua. Ukiacha koti, unalowa."

"Kocha hana mpango," alijibu Orrin Feltz, mzee wa kanisa, mdomo umejaa mayai. "Wale wanatupia kutoka mbali kama wanamwagia kuku mahindi, sisi tumejazana chini ya kikapu kama tunasubiri basi."

"Kwani ni kocha aliyepoteza mpira mara saba? Wiki iliyopita ulimsifu, Orrin. Ulisema mungu mdogo."

"Wiki iliyopita tulishinda."

"Sasa hapo nani hali ya hewa, wao au wewe?"

Jolene akacheka huku akiwaongezea kahawa. Dwight akamgeukia mtu wa tatu mezani. "Haya, Verlin. Fungua Biblia yako, utuamue."

Verlin Stuckey hakuwa na haraka. Alifuta mchuzi wa soseji kidoleni, akavuta daftari lake la msimu huu, la jalada la kijani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Thelathini na minane kati ya hiyo aliimaliza kwenye machimbo ya mawe, na ishirini ya mwisho alikuwa mtoa ishara wa winchi: mtu anayesimama chini, macho juu, akimwongoza kwa mikono dereva asiyeona mzigo wake unakoshukia. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole vitatu. Mke wake, Maxine, alikuwa amefariki. Kwenye kiti chake uwanjani, safu ya tatu nyuma ya benchi la Corliss, sasa Verlin huweka koti.

Tangu machimbo yafungwe, hakuna aliyewahi kumuuliza Verlin maoni yake juu ya jambo lolote isipokuwa hili. Kwa misimu thelathini na mmoja alikuwa ameandika kila mechi ya nyumbani kwa wino, na si pointi tu. Aliandika nani katoka dakika ya ngapi, nani kalaumiana na nani, nani kainamisha kichwa. Watu waliosoma mara mbili zaidi yake walinyamaza alipofungua daftari lile. Kwa mwanamume ambaye mji ulimtumia hadi mgongo ukapinda kisha ukamsahau, kimya kile kilikuwa kitamu kuliko pai ya Jolene.

"Namba kumi na moja," alisema.

"Nilijua," alisema Dwight.

Namba kumi na moja alikuwa Marquel Hadley, kijana wa mwaka wa pili kutoka mji wa Gary, ndiye aliyepanga mashambulizi yote. Verlin alisoma taratibu. Mechi za nyumbani walizoshinda, kocha alimpumzisha Hadley kila baada ya dakika nne au tano. Zile nne walizopoteza, alimwacha uwanjani dakika kumi, hata kumi na tano mfululizo, na kuanzia dakika ya saba kijana hakuwa akikimbia tena, alikuwa akitembea.

"Na kuna hizi nukta," Verlin aliendelea. "Mchezaji akitaka kutoka, ananyanyua ngumi kocha aione. Kila ngumi nimeweka nukta. Katika mechi hizo nne, Hadley kanyanyua mara kumi na tisa."

Orrin akaweka uma chini.

"Kumi na tisa," Orrin akarudia.

"Ana miaka ishirini," alisema Dwight. "Anasoma bure, anakula bure, viatu anapewa. Anachoombwa ni kukimbia. Mjukuu wangu angekimbia akiwa na homa."

"Mjukuu wako hawezi kukimbia hata kwenda kuoga," Jolene alisema kutoka jikoni.

Walicheka. Verlin hakuwa ametamka neno alilokuwa ameliandika pembeni mwa zile nukta, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wake mnyoofu: mvivu. Hakuona haja. Lilikuwa limeshatamkwa.

Jumatatu jioni Kocha Rusk alifanya kipindi chake cha redio, kama kila wiki, katika mgahawa wa piza mbele ya mahakama. Mji mzima ulijaa humo, watu na makoti yao. Mashabiki walipanga foleni mbele ya kipaza sauti kuuliza maswali. Dwight alimsukuma Verlin mgongoni. "Nenda. Usipowasomea wewe, nitawasomea mimi, na mimi nitaongeza chumvi."

Verlin akaenda. Alisoma kama alivyosoma kwa Jolene, dakika kwa dakika, na alipofika kwenye ngumi kumi na tisa watu wakaguna, halafu wakapiga makofi. Kocha Rusk aliweka kipande chake cha piza chini.

"Bwana Stuckey ananizidi mimi kwa hesabu," alisema, na watu wakacheka. "Nakuahidi, mzee wangu, tutalitibu hilo. Kesho alfajiri timu yote inapanda mbio ngazi za jukwaa la watazamaji. Na namba kumi na moja atapanda mpaka asahau mkono unanyanyuliwaje."

Makofi tena. Walikuwemo humo walimu wa chuo, walikuwemo wachungaji wawili, alikuwemo hakimu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kijana anayewashinda mbio watu wote wa ligi kwa dakika sita anashindwa kutembea dakika ya saba. Verlin alirudi nyumbani akiwa amenyooka, daftari kifuani. Mtu baki alikuwa amemfungulia mlango.

Jumatano asubuhi Jolene hakuja na kahawa. Alikuja mikono mitupu akakaa mezani nao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Yule kijana wenu amefariki," alisema.

"Kijana yupi?" aliuliza Orrin.

"Hadley. Jana walimpandisha ngazi, akaanguka. Dada yangu alikuwa zamu hospitalini. Alikuwa amebeba kinasaba cha seli mundu, si ugonjwa wenyewe, ile hali ambayo mtu anaishi nayo vizuri tu mpaka umkimbize kupita kiasi bila kumpumzisha. Misuli ikafa, figo zikafuata, moyo ukasimama leo saa kumi na moja alfajiri." Alimtazama Verlin, bila ukali. "Wenzake wamemwambia dada yangu kwamba alinyanyua ngumi mara mbili akiwa ngazini. Wakamwambia apande."

Dwight alisema kitu kuhusu mapenzi ya Mungu. Verlin hakumsikia. Alikuwa akitazama mkono wake wa kushoto juu ya meza.

Kule machimboni sheria ilikuwa moja, na wageni walifundishwa kabla ya kuonyeshwa choo. Ngumi ikinyanyuliwa, winchi inasimama. Haijalishi nani kainyanyua, msimamizi au mfagiaji. Haulizwi sababu. Unasimamisha kwanza, sababu utaisikia jiwe likiwa limetulia. Kwa miaka ishirini Verlin aliamini sheria ile kuliko alivyoamini kanisa. Mara moja tu dereva mpya alidhani wenzake wanamtania, akachelewa kwa muda wa kuvuta pumzi, na vidole viwili vya Verlin vikabaki chini ya jiwe. Naye, mtu huyo huyo, alikaa safu ya tatu akahesabu ngumi kumi na tisa, na kila moja akaiwekea nukta kwa wino.

Wiki ile ile chuo kilitoa taarifa. Kijana aliwahi kutia sahihi karatasi ya kukataa kupimwa damu. Karatasi yenyewe aliwekewa mbele siku ya kwanza, katikati ya karatasi nyingine kumi na mbili. Na taarifa ilisema hivi: hakuwahi, mazoezini wala kwenye mechi, kuonyesha dalili yoyote ya kuchoka kusiko kwa kawaida. Kipindi cha Jumatatu kikaondolewa kwenye mtandao wa redio. Mamia ya watu waliopiga makofi wakawa hawakumbuki kilichosomwa. Hivyo ndivyo watu wa heshima wanavyozika, kwa kusahau pamoja.

Verlin aliisoma taarifa mezani, akaisoma tena kwa sauti.

"Huo ni uongo," alisema.

"Verlin," alisema Dwight kwa sauti yake ya bima, "chukua hilo daftari, litie jikoni, washa moto. Wakili akilipata, chuo kimekwisha, na chuo kikiisha mji huu una nini? Mashimo ya mawe yaliyojaa maji."

"Na wewe mwenyewe umo humo," Orrin aliongeza taratibu. "Umeandika neno lile. Nimeliona. Watakusulubu wewe, hawatamsulubu Rusk."

Hilo lilikuwa kweli, na Verlin alilijua kabla ya kuambiwa. Neno lile lilikuwa mahali kumi na sita. Ijumaa usiku alilihesabu upya. Asubuhi alichukua wembe, akaufikisha kwenye ukingo wa ukurasa wa kwanza. Angeweza kukata kingo zote, nukta zikabaki, na yeye akabaki mzee mwema aliyeona yote. Alikaa na wembe mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaurudisha kabatini, akavaa koti la kanisani.

Renita Hadley, mama wa Marquel, alikuwa amefikia katika nyumba ya wageni ya kando ya barabara kuu, akisubiri kukabidhiwa vitu vya mwanawe. Alifungua mlango akabaki ameushika.

"Mimi naitwa Verlin Stuckey, mama."

"Najua sauti hiyo," alisema. "Wewe ndiye wa redioni."

"Ndiyo."

"Marquel alikusikia, akaniigizia sauti yako jioni ile kwenye simu. 'Mama, kuna mzee kahesabu zote. Kumi na tisa.'" Aliiga sauti ya mwanawe bila kutabasamu. "Nikamwambia wanakucheka, mwanangu. Akasema, wacha wacheke, angalau kuna mtu anaona. Alidhani sasa watampumzisha."

Lori lilipita barabarani, likarusha tope la theluji. Verlin akatoa daftari ndani ya koti.

"Ulipoziona," mama aliuliza, "ulidhani ni nini?"

Angeweza kusema lolote. Alifungua daftari, akaligeuza kuelekea kwake, akaweka kidole chini ya lile neno. Renita Hadley alilisoma. Akageuza ukurasa, akalikuta tena. Akageuza mwingine.

"Kwa nini hukufuta?"

"Ningefuta langu, nao wangesema nimefuta na mengine."

Alilichukua daftari, akalifunga. Hakumshukuru, hakumtukana. Mlango ulifungwa taratibu, na Verlin alisikia mnyororo ukipachikwa.

Msimu uliendelea. Wachonga Mawe walisimama kimya dakika moja kwa ajili ya Marquel, kisha wakashinda mechi mbili, wakapoteza moja, wakashinda moja. Habari kwamba daftari liko kwa mama yule ikaenea. Mgahawani, Dwight na Orrin walihamia meza ya dirishani, na kutoka huko Verlin aliwasikia wakibishana kama timu inacheza vizuri zaidi ikiwa na uchungu. Hakuna aliyemkaribisha, naye hakusogea. Mtu alikata matairi ya gari lake mbele ya kanisa.

Mwezi wa nne, katika kesi ambayo Renita Hadley alikishtaki chuo, mawakili walimwita atoe ushahidi. Chumba kilikuwa na meza ndefu na jagi la maji. Renita Hadley alikaa mwisho wa meza, Kocha Rusk mwisho wa pili, macho kwenye viatu vyake. Wakili wa chuo alikuwa kijana nadhifu.

"Bwana Stuckey, wewe ni daktari?"

"Hapana. Nilikuwa mtoa ishara wa winchi."

"Kwa hiyo hukujua kwamba kijana anaumwa."

"Sikujua."

"Basi ukurasa huu unathibitisha nini?"

"Kwamba aliomba," alisema Verlin. "Ngumi haitaki ujue. Inataka usimamishe."

Wakili alipanga karatasi zake. Akamwomba asome daftari, lote, na yaliyo pembeni yasomwe pia, yasirukwe. Alikusudia kumwaibisha, na alifaulu. Verlin alivaa miwani. Alianza na mechi ya Novemba, dakika ya saba, nukta, mvivu. Dakika ya nane, nukta. Dakika ya kumi, nukta, nukta, mvivu. Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye redio, tofauti ni kwamba humu hakuna aliyepiga makofi. Mwandishi wa kikao aligonga kila neno kwenye mashine yake. Ilichukua karibu saa nzima, na mara mbili alilazimika kunywa maji, lakini hakuruka hata moja.