Siku Tuliyompeleka Mama Mdogo Kliniki

Harufu ya uji wa wimbi uliochachuka, ule unaotiwa ndimu na kufungiwa kwenye chupa ya chai ukiwa bado moto, hunirudisha siku moja tu. Siku hiyo kwenye pikapu tulikuwepo hawa: mama mdogo Syokau, aliyetulea baada ya baba na mwaitu, yaani mama yetu, kufariki; Mama Ndunge, mwenyekiti wa mwethya; Mama Kioko, mwimbaji wa kanisani ambaye hata salamu zake zilikuwa na pambio; mdogo wangu Kanini, aliyekuwa bado ananyonya kidole; mimi Mwende, mkubwa wake; na mbuzi waliokuwa wakienda kuuzwa sokoni Zombe. Pikapu ilikuwa yao. Sisi tuliomba lifti tu.

Mwethya ni kikundi cha wanawake wanaosaidiana mashambani kwa zamu, leo matuta ya huyu, kesho ya yule. Chetu kilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mmoja akipata mimba, wenzake walimsindikiza kliniki mara ya kwanza, wakimbebea uji na kumwimbia mpaka mlangoni, ili asione haya wala asikawie. Na tumbo la mama mdogo lilikuwa limeanza kuchomoza. Mumewe, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alikuwa amekuja Krismasi. Wanawake walipiga hesabu kwa vidole wakacheka.

"Syokau, umetuficha!" Mama Ndunge alimwambia tukichimba matuta. "Na umri huo! Huyu ni wa kufunga duka."

"Wacha maneno yako. Ni muthokoi umenijaa," alijibu mama mdogo, lakini nilimwona akitabasamu peke yake. Alikuwa hajawahi kupata mtoto wake mwenyewe. Kuanzia siku hiyo wakamkataza kubeba mawe, wakampa kazi ya kukaa kivulini na kuwaambia walipokosea. Aliifanya kwa bidii kupita kiasi.

Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpakulia chakula. Vijiko viwili vya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kisha sahani inasukumwa: "Nimeshiba." Mwaitu naye alikuwa akishiba hivyo. Mwaitu naye walisema ana mimba, halafu wakasema ni minyoo, halafu amerogwa, na alipofika hospitali tumbo lilikuwa limejaa maji na hakuna aliyeweza kumsaidia. Baada ya mazishi watu walisema tu "aliugua tumbo", na sisi watoto tukakatazwa kulitaja jambo hilo. Kwa hiyo niliposema nataka kwenda nao ili nimbebe Kanini, hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Nilikuwa nikiogopa kufiwa na mama mara ya pili.

Njiani tuliimba. Beberu mmoja akala pembe ya leso ya Mama Kioko, naye akamkemea kwa sauti ileile ya pambio bila kuukata wimbo. Mama mdogo alicheka mpaka akashika tumbo. Tukafika kliniki tukinuka mbuzi, na watu waliokuwa kwenye foleni wakatupisha, nadhani kwa sababu hiyo.

Nesi alimpapasa mama mdogo tumbo, akaacha kutabasamu, akatupeleka kwa daktari. Niliingia nao na Kanini mgongoni. Nje ya dirisha Mama Kioko alikuwa akiuliza, "Tuendelee kuimba ama tungoje?"

"Kuna mtu wa familia yenu aliyewahi kuugua hivi?" daktari akauliza.

"Hakuna," mama mdogo akasema. "Dada yangu aliugua tumbo tu."

"Tumbo namna gani?"

Akashughulika kukunja pembe ya leso yake. Kwetu mtoto hadakii maneno ya wakubwa, lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilisema mwaitu alikuwa akishiba upesi. Sketi ilikataa kufungika huku mikono ikikonda. Alienda chooni kila mara, na sehemu ya chini ya tumbo ilimuuma kwa wiki nyingi. Daktari alinigeukia akanisikiliza kama mtu mzima, kisha akamtuma mama mdogo akapigwe picha ya tumbo.

Tulipotoka na majibu ya picha, Mama Ndunge alirukaruka. "Mvulana ama msichana?"

"Hakuna mtoto," mama mdogo akasema. "Ni uvimbe. Uko kwenye ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokaa."

Kisha Mama Ndunge akafungua chupa, akamimina uji kikombe kikajaa. "Basi kunywa wewe mwenyewe. Uji hauna habari na maneno ya daktari."

Mama mdogo alipasuliwa katika hospitali kubwa. Ilikuwa kansa, lakini ilikuwa haijatawanyika, na madaktari walisema tumefika mapema. Niliacha shule nikiwa darasa la saba ili nipike na kumlea Kanini, na mwethya wakalima shamba letu bila kuulizwa. Siku aliyorudi walimwimbia nyimbo zote za mwanamke aliyejifungua, na Mama Kioko akamfungia boga kwenye leso akamkabidhi: "Shika mtoto wako, amefanana na baba yake." Tuliteremsha chai mpaka majani yakaisha. Yupo mpaka leo, anafuga kuku na kuwatukana majogoo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kilichomwokoa ni ule wimbo na yale makosa yetu ya furaha. Nilipoolewa huku Makueni nilikwenda mwenyewe kumwona daktari, nikaelezwa kwamba hakuna kipimo cha kawaida cha kuigundua kansa hii kwa mwanamke asiye na dalili. Hata kile cha mlango wa kizazi hakiioni. Kinachosaidia ni kwenda upesi dalili zisipoisha, na kusema wazi nani katika familia aliugua, maana huweza kurithiwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaitu ndiye aliyemwokoa dada yake, kwa habari zake ambazo tulikatazwa kuzitaja.

Wanawake wa mwethya nimewalipa kwa jembe, shamba moja baada ya jingine. Mwaitu nitamlipa kwa njia moja tu: binti zake wote wamweleze daktari yaliyompata. Mimi nimeshaeleza. Kanini, ambaye sasa ana mtoto wake mwenyewe, hucheka kwenye simu na kusema tumbo lake halina neno. Nitaenda Kitui kumchukua. Mpaka aingie kwa daktari na kulitaja jina la mama yetu, deni hilo bado ninalo.