Jike Mmoja Bwawani

Mimi nikiwa na neno nalisema, na wa kuudhika audhike. Kwa hiyo wifi yangu Navalayo alipoanza kuwanyima watu samaki wa bwawa lake, nilimwambia machoni kwamba uchoyo umemwingia uzeeni.

Hakuwa hivyo zamani. Kaka yangu alipofariki, alimwachia bwawa hilo nyuma ya nyumba hapa Iguhu, pamoja na binti mmoja, Jescah. Bwawa likamsomesha Jescah mpaka akamaliza. Halafu ugonjwa ukaingia. Samaki walitoka vidonda, wakaelea matumbo juu. Navalayo akanunua vifaranga wengine, wakafa. Akanunua tena, wakafa tena. Ndipo Jescah akaenda Doha kufanya kazi kwenye nyumba za watu. "Bwawa likiweza kutulisha, mama, nitarudi," alisema. Mwaka wa tano huo.

Kila Jumamosi Navalayo hufua shuka za kitanda cha Jescah, kitanda kisicholaliwa na mtu. Nikimuuliza, anasema zimeingia vumbi. Vumbi gani? Mwanamke ana hamu ya mtoto wake, basi.

Mara ya mwisho ugonjwa ulipopita, walibaki samaki saba, ngege wote. Sylvanus, afisa wa samaki kutoka Kakamega mjini, akaja kuwaangalia. Akamwambia hao saba asiwale wala asiwauze, kwa sababu ugonjwa umewashindwa, na huenda watoto wao wakaustahimili vilevile. Navalayo alielewa upesi. Hata mahindi ya mbegu hatuchagui tu. Tunachukua yale mazuri, tunayatundika juu ya meko, na njaa ije isije hayaguswi. Vifaranga wasiokufa ovyo wangenunuliwa na wafugaji mpaka Malava, badala ya yeye kununua kila msimu na kuzika.

Shida ilikuwa moja. Wauzaji wa vifaranga hutuuzia madume, maana ndio hukua haraka. Kati ya wale saba, jike alikuwa mmoja tu, aliyeponyoka kwa bahati. Navalayo alimlinda miezi minane akimngoja azae. Alipanga Jescah akija likizo Desemba amwonyeshe vifaranga, amwambie asirudi tena Doha.

Hayo yote niliyajua baadaye. Hakuniambia, na mimi kwa mdomo wangu huu simlaumu.

Desemba ikafika. Navalayo akaenda mjini kumpokea mtoto, akaniacha nipike kuku. Lakini Jescah alikuwa ameniambia kwa simu, "Senje, kuku nakulanga hata huku. Mimi natamani samaki wa kwetu." Mimi ndiye senje yake, dada ya babake. Nani atamnyima? Mtoto ametoka mbali, anapewa kilicho bora. Nikachukua wavu.

Walinaswa watatu. Nikawarudisha wawili, nikabaki na mmoja mwenye mashavu yaliyojaa, nikasema huyu ndiye mnono. Nilipomwinua akatema punje za manjano kwenye nyasi, nyingi, kama mtama. Nikadhani ni chakula ambacho hakijamezwa. Kuku wakazidonoa zote.

Walipofika, Jescah alitangulia mezani, akala amefumba macho. "Mama, hii nimeiota miaka mitano," akasema. Navalayo ndiyo kwanza alikuwa anaingia na mkoba wa mtoto begani. Akaiangalia sahani. Nami nimesimama pale nikingoja shukrani, mjinga mimi.

Akauweka mkoba chini, akaketi, akammegea mtoto obusuma, ugali wetu. "Kula, mama. Ongeza mchuzi."

"Na wewe mbona huli?"

"Nimeshiba kukuona." Machozi yalimtoka, na Jescah akadhani ni ya furaha.

Baadaye tukiosha vyombo nyuma ya jikoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Rosebella, yule samaki alikuwa na kitu mdomoni?" Nikamweleza zile punje. Akasugua sufuria. Kisha akaniambia kwamba ngege jike huatamia mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na hayo yalikuwa ya kwanza. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, ningepumua.

Likizo ilikuwa wiki mbili. Zikaisha kama mchana mmoja. Siku ya kuondoka Jescah akatoa karatasi kwenye mkoba, mkataba wa miaka miwili mingine, akamwuliza mamake mbele yangu, "Mama, niambie ukweli. Bwawa limefika wapi? Nikae, ama niweke sahihi?"

Navalayo alinitazama. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, akanikatiza.

"Weka sahihi, mwanangu," akasema. "Hawajazaa."