Kuku Ndani ya Pijo

Mama Pacha si mtu wa makelele. Muulize yeyote pale kiwandani anakofunga sabuni kwenye makatoni, atakwambia huyo mama akikasirika hununa tu, na ole wako akikununia. Lakini Jumapili ile ya matembezi ya klabu ya magari ya kizamani, jamani, alibwata mpaka muziki ukazimwa.

Pijo jeupe, gari walilokwenda nalo, lilikuwa la marehemu baba yake. Mumewe, Baba Pacha, alilipaka rangi upya, akabadilisha viti, akajiunga na klabu. Kila mwezi huongozana na wenzake mpaka bustani moja nje ya mji, wanapanga magari boneti wazi, wanakula, wanapiga picha. Wakishashiba, kila mwenye gari hushika kipaza sauti na kueleza alivyolipata. Hapo sasa ndipo uongo hunoga, maana kadiri gari lilivyokutwa bovu, ndivyo makofi yanavyozidi. Mmoja eti alilitoa mtoni. Mwingine alikuta mti umeota katikati ya usukani! Mama Pacha mwenyewe alicheka, akaongeza soda.

Zamu ya Baba Pacha ikafika. Akakohoa, akaweka mkono juu ya gari.

"Wapendwa, hili nililikuta uani kwa mkwe wangu, limetelekezwa. Kutu tupu! Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mzee hana habari nalo. Ningechelewa kidogo tu, lingeuzwa chuma chakavu."

Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti wa klabu akapaza sauti, "Mkombozi huyo!"

Mama Pacha akaweka soda chini. Kuku? Baba yake hakuwahi kufuga hata kifaranga. Mzee yule aliliosha gari lake kila Jumamosi, na macho yalipomwishia akawa analiosha kwa kupapasa, anamuuliza binti yake, "Hapa pamebaki tope?" Leo yuko kaburini, hana mdomo wa kujitetea, na mkwewe anamfanya kichekesho cha watu wanaotafuna nyama. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Sema kweli!" akasimama. "Sema kweli, Baba Pacha!"

Mumewe akacheka kicheko cha kuomba. "Si mzaha tu, mke wangu? Tutayamaliza nyumbani."

"Kwani umemtukania nyumbani? Umemchafua hapa, msafishe hapa hapa. Na waliocheka wasikie."

Mwenyekiti akaja mbio, meno yote nje. "Shemeji, punguza jazba. Hadithi bila chumvi hailiki."

"Mtie chumvi baba yako, shemeji. Wangu muache!"

Muziki ukazimwa. Baba Pacha akakishika kipaza sauti, jasho linamtiririka.

"Basi, nasahihisha. Hapakuwa na kuku. Gari lilikuwa zima, na mkwe wangu alilitunza. Alikuwa... alikuwa mtu mzuri sana." Nati za gari lile angeweza kuzitaja moja moja, lakini kuhusu mzee ambaye nyumbani kwake amekula miaka nenda rudi, hana la kusimulia. "Mtu mpole," akaongeza.

"Gari alilipataje?" Mama Pacha akauliza.

"Nadhani... aliuziwa na bosi wake."

"Bosi!" Sauti ilimkatika, machozi ya hasira yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. "Baba hakuwahi kuwa na bosi, we bwana! Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za wanafunzi mpaka mgongo ukapinda, ndipo akapata gari. Ulipomkuta na cherehani uzeeni ulidhani anajichangamsha tu? Na siku alipokupima mabega, akakushonea ile suti uliyonioa nayo, hukumuuliza amejifunzia wapi?"