Aitwaye Mara Moja Asiitike

Enzi zetu huko kijijini Daudi, mtoto aliyeitwa jina lake mara moja hakuitika. Aliacha alichokuwa akifanya, akanyamaza, akangoja. Akiitwa mara ya pili ndipo alipojibu "Abee" na kukimbia. Wazee walituambia kwamba aliye hai atakuita hata koo limkauke, lakini aliyekufa pumzi yake hutosha mara moja tu. Ninyi wenzangu mliochunga ndama katika ukungu wa milima ile mnakumbuka. Vijana wa leo huitika hata wasipoitwa. Simu ikitetemeka mfukoni, tayari: "Haloo, haloo."

Mimi sikusoma. Maneno haya anayaandika mjukuu wangu Neema, na nimemwonya asiyarekebishe.

Nakumbuka baba alipojenga nyumba mpya ng'ambo ya bonde. Kuta zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi, na mama hakukubali kiberiti kiwashwe humo. Moto wa kwanza ulitoka jikoni kwa mama yake. Aliubeba juu ya kigae, makaa yamefunikwa kwa samadi kavu, akapanda mlima bila kumsalimu mtu. Mlangoni alisimama akauliza, "Kuna mtu?" Kisha akasikiliza. Sisi watoto tulikuwa nyuma yake tukitafuna mahindi ya kuchoma na kuchekana.

"Nyumba mpya haiko tupu," alisema bila kugeuka. "Ina aliyetangulia."

Mdogo wangu Marta alikuwa mwepesi wa kuitika. Alasiri moja tulikuwa tukicheza kujificha nyuma ya nyumba ile, ukungu umeshuka hata miguu yetu hatuioni. Sauti ya mama ikaita kutoka upande wa chemchemi: "Marta." Nilibana pumzi. Marta akasema "Abee" na kwenda. Wakati huohuo, ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta, nililisikia jiwe la mama likisaga mtama, taratibu, bila kusimama.

Tulimkuta Marta ameketi kando ya maji. Mvua ilikuwa inanyesha na nywele zake zilikuwa kavu. Tangu siku ile hakugeuka tena kwa kuitwa, hadi tukamzika akiwa bibi kizee. Ukimtaka, ulilazimika kumgusa bega.

Niliolewa huku Endasak, na hekima hiyo nilikuja nayo. Msimu huu wa kuvuna maharage, Neema alirudi kutoka Katesh na kompyuta mpya, akaiweka mezani kando ya ile ya zamani.

"Nataka kuipiga Linux, Bibi. Huu mfumo iliokuja nao ni mzito. Naufuta, naweka mwingine."

"Kumbe ndani kuna aliyetangulia."

"Bibi jamani. Ni mashine."

Nikamuuliza moto wake utatoka wapi. Alicheka, lakini alinielewa. Akanionyesha flashi, kitu kidogo kama ganda la harage, akasema mfumo mpya utabebwa humo. Niliitambua. Ilikuwa ya mama yake, binti yangu, aliyekuwa akichapa barua za watu huko Katesh hadi ugonjwa ukamchukua, Neema akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Akanieleza kwamba kwanza kilichomo kwenye flashi lazima kifutwe, na kikifutwa hakirudi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kompyuta ya zamani.

"Umeuliza kama kuna mtu?"

"Haina kitu, Bibi."

"Uliza."

Akashusha pumzi, kama wanavyofanya wakichoshwa na wazee, akaifungua. Hakukuwa na barua hata moja. Kulikuwa na sauti. Akaibonyeza.

"Neema."

Alikuwa binti yangu. Nyuma yake aliwika jogoo, na mtu akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa changu.

Mtoto akafumbua kinywa. Nilikiziba kwa kiganja changu kabla neno halijatoka. Tulikaa hivyo, maharage yakifurika jikoni na kuzima moto, na hakuna aliyeita mara ya pili. Nilipoondoa mkono, machozi yalikuwa yamelowesha vidole vyangu.

"Bibi, sikuwa naijua sauti yake."

"Sasa unaijua. Usiitike."

Aliihamishia sauti ile kwenye simu, ndipo akaifuta flashi, akaijaza mfumo wake na kuichomeka kwenye mashine mpya. Maandishi meupe yakatiririka kwenye kioo cheusi. Kisha mashine ikamuuliza atasema nayo lugha gani, na Kiswahili kilikuwemo. Ikamuuliza jina.

"Inataka jina la nini?"

"Ili inijue, Bibi."

Akaliandika. Mwisho akamhamishia mama yake humo, katika nyumba mpya.

Nilidhani yamekwisha. Lakini sasa kila jioni, nikiwa mlangoni na ungo wangu nachambua maharage, nasikia kutoka ndani: "Neema." Jogoo. Kikohozi changu. Kimya. Halafu tena: "Neema." Naye mjukuu wangu, niliyemlea kwa adabu, hujibu ile ya pili: "Abee, mama." Sina pa kumkaripia. Amefuata nilivyomfundisha.

Enzi zetu tulikosa mengi, ila wafu wetu tuliwatambua, kwa kuwa hawakuweza kuita tena. Siku hizi wanaweza. Siku nitakapoitwa mimi, sijui ningoje hadi mara ya ngapi.