Mkono Uonekane

Sijui kama nafaa kuliandika jambo hili. Nilisoma mpaka darasa la sita, na kanuni za mikutano nilizijia ukubwani, kwa kusikiliza tu. Huenda mwenyekiti alikuwa na haki yote, na mimi ndiye niliyekosa kuelewa. Lakini tangu siku ile harufu ya mahamri ya moto yanitia kichefuchefu, nami nimekula mahamri maisha yangu yote. Nitajaribu kueleza bila kumwonea mtu.

Nianze na mema yake. Kabla hajawa mwenyekiti wa kamati yetu ya mtaa, hapa Mji wa Kale, mikutano ilikuwa fujo tupu. Watu wazungumza wote pamoja, huyu amkata huyu, yule amtaja mwenzake marehemu babake. Mara moja kiatu kilirushwa. Yeye alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi miaka mingi, na alipostaafu akatuletea utaratibu. Atakaye kusema aombe nafasi. Hoja moja kwa wakati mmoja, na hoja isiyo na wa kuiunga mkono haijadiliwi. Mwenyekiti hapigi kura. Kura zikilingana, hoja imekufa. Na kila alipohesabu kura alisema neno lake lile lile: "Mkono uonekane."

Neno hilo lilitufaa. Zamani mtu alinong'ona "ndiyo" ndani ya ndevu zake, kesho akaapa kuwa hakusema. Tulimtania mwenyekiti, tukamwita Spika, lakini tulikuja kwa wakati na tukaondoka tukisalimiana.

Katika kamati yumo mama mmoja mtu mzima, mama mdogo wake mwenyekiti, aliyezaliwa tumbo moja na mamake. Ndiye aliyemlea mwenyekiti baada ya mamake kufariki. Mama huyu auza mahamri na mbaazi mlangoni pake, ndani ya kichochoro chetu, kuanzia watu watokapo msikitini alfajiri. Wateja wake wengi si wa mtaani. Ni watu wa bandarini na wale waendao feri, wanaokata njia kwetu ili wapate kitu cha moto tumboni.

Alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia haukusikia tena. Bintiye ndiye akandaye na kuchoma siku hizi, mama akaa kwenye kigoda, asikiliza mafuta, na kusema, "Geuza, hayo yamekwiva." Mahamri ayapanga kwenye sinia, mteja ajichukulie mwenyewe, kwa sababu hapendi kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Ikimlazimu, husema kwanza, "Samahani kwa mkono." Hata kwa mtoto mdogo husema hivyo.

Mkutano wenyewe ulikuwa baada ya Alasiri, sebuleni kwa mwenyekiti. Ilisomwa Fatiha. Jirani yetu mpangaji kutoka bara, Mkristo afanyaye kazi bandarini, aliinamisha kichwa akaomba kivyake, kama kawaida. Mama alikuwa ametuletea mahamri chini ya kitambaa, kama kawaida pia. Chai ikapita, kila mtu akachukua lake.

Hoja aliitoa mwenye duka la vipuri. Alitaka mdomo wa kichochoro utiwe geti la chuma, lifungwe baada ya Isha, lisifunguliwe mpaka jua litoke. Na kwa haki, alikuwa na sababu. Pikipiki yake iliibwa pale pale chini ya dirisha lake. Mama mmoja mwenye mabinti aliunga mkono, naye pia alikuwa na sababu: bintiye mmoja alifuatwa na mlevi mpaka ngazini. Mwenye nyumba ya kona akasema geti hupandisha hadhi ya mtaa. Hiyo sikuiona kuwa sababu, lakini labda ni mimi.

Mpangaji wa bara akaomba nafasi. "Mwenyekiti, mimi hutoka kwenda kazini kungali giza. Nani atanifungulia?"

"Kila mkaazi atapewa ufunguo, apite yeye na afunge," mwenyekiti alisema.

"Na wateja wangu je?" mama akauliza. "Wapite juu ya mapaa kama paka?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mjumbe, omba nafasi kwanza."

"Nafasi gani, mwanangu? Nimeanza kusema nawe hujaota meno."

Tulicheka tena, na hapo hata yeye alitabasamu kidogo. Kisha akampa nafasi, na mama akasema maneno machache tu. Akasema mkono wake mmoja hauwezi kuchukua sinia mpaka barabarani, na bintiye hawezi kuchoma huku na kuuza kule. Jua likishatoka, mtu wa bandari yuko kazini na mtu wa feri ameshavuka. "Mkifunga pale," alisema, "mwanifunga mimi. Basi."

Nilidhani hapo mambo yamekwisha. Nilihesabu moyoni: watatu wataka geti, mimi, mpangaji na mama hatutaki. Zitalingana, na hoja itakufa.

"Wanaounga mkono hoja," mwenyekiti alisema. "Mkono uonekane."

Mikono mitatu ikapanda. Walikuwa wangali wakila, hakuna aliyejifuta. Vidole viling'aa mafuta. Mwenye nyumba ya kona alikuwa na punje za iliki kwenye ukucha, na taya lake likiendelea kutafuna. Niliitazama ile mikono hewani, imelowa mafuta ya mwanamke yule yule, nikaliweka chini hamri langu.

"Wanaopinga. Mkono uonekane."

Mimi niliinua, mpangaji akainua. Mama akasema kwa sauti, wazi kabisa, "Mie sitaki."

"Mkono, mjumbe."

"Huu hauinuki, wajua."

"Mwingine upo."

Mama alimtazama. "Mkono wa chooni niuinueje mbele ya watu, na hapa pamesomwa Fatiha?"

"Kanuni haikusema kulia wala kushoto," mwenyekiti alijibu taratibu. "Yasema mkono. Uonekane."

Na kwa haki, alisema kweli. Kanuni haikusema. Wala hakumwonea kwa hilo, alimpa njia. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila mara nampa haki yake mpaka hapo.

Lakini mama alishaanza kufanya jambo lake. Alifunua leso aliyojitanda, akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kwenye kiwiko, akawa aupandisha. Ulikuwa mzito. Sote tulimwona. Alisema bismillahi kimya kimya, midomo yatembea, na mkono ukafika kifuani, vidole vimelegea. Ulikuwa karibu na bega mwenyekiti aliposema, akitazama karatasi yake, "Waliopinga ni wawili. Waliounga mkono ni watatu. Hoja imepita."

Mkono ukaanguka mapajani. Ulitoa mlio mdogo.

Nilisimama. "Mwenyekiti, hoja ya nidhamu."

"Dada, hoja ya nidhamu juu ya kura hutolewa kabla ya matokeo. Matokeo yametangazwa."

"Umeyatangaza mkono uko njiani."

"Sikuuona mkono."

"Kaa, dada, kaa," mwenye duka la vipuri alisema. "Spika ameshasema."

Nilikaa. Sikujua kanuni yasemaje, na mpaka leo sijui. Mpangaji aliinamia kikombe chake cha chai. Baadaye aliniambia aliogopa kuwa akisema ataambiwa mtu wa kuja awafundisha wenyeji. Simlaumu.

Lakini lililonichafua moyo hasa si kura. Mkutano ulipofungwa, mwenyekiti alivua miwani, akainuka kwenye kiti chake, akarudi kuwa mtoto wa nyumbani. Akamwendea mama, akainama. "Shikamoo, mama." Akautafuta mkono wa kulia ndani ya leso, ule ule, akaunyanyua polepole kwa adabu, akaubusu mgongoni na kwenye kiganja. Mkono aliosema hakuuona. Aliuona vizuri sana wa kuubusu.

Mama alisema "Marahaba" kwa sauti ya chini. Nilitoka bila kuaga, nikatema mate kwenye mtaro. Si adabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Geti lilitiwa. Ni zuri, limepakwa rangi ya kijani, na lazima niseme kuwa hakujaibwa kitu tangu hapo, na yule binti wa jirani ashuka ngazi bila kuogopa. Nilimwendea mwenyekiti kuomba hoja irudishwe. Alinipokea vizuri, akanipa soda, akanieleza kuwa hoja iliyoamuliwa hurudishwa na mtu aliyeiunga mkono, si aliyeipinga. Nikawaendea wale watatu mmoja mmoja. Mama wa mabinti alitazama chini, akasema atafikiri. Yungali afikiri.

Alfajiri sasa kichochoro ni kimya. Wakati mwingine mtu wa bandarini asiyejua asimama nje ya vyuma, anusa, aenda zake. Mama achoma kidogo tu, ya majirani, na bintiye amepata kazi ya kufua nguo za watu upande wa Makupa.

Juzi nilikuwa nimekaa naye kwenye kizingiti wakati jua latoka. Mwenyekiti akaja na ufunguo wake, akafungua geti, akaja kwetu kuchukua mahamri yake. Akainama, "Shikamoo, mama," mkono wake umeshatangulia kuingia kwenye leso.

Mama akausukuma mkono wa kulia nyuma, chini ya paja. Akamnyooshea wa kushoto. Hakusema samahani kwa mkono.

Ulikaa hewani kwa muda, mkavu, umenyooka, mbele ya uso wake. Mwenyekiti alinitazama mimi, akautazama. Kisha akaguna kitu kuhusu kuchelewa, akaondoka bila mahamri. Labda alikuwa amechelewa kweli; sikumuuliza.

Mama akaushusha mkono wake, akalifunika sinia.